Afande Aliyeniondoa Katikati

Doha ya miaka ile ilinifundisha kwamba ukialikwa kwenye mafunzo ya uongozi ya bure, ukae karibu na mlango. Nilikuwa nimeshaalikwa mara nyingi. Unafika, unapewa soda, unaambiwa umezaliwa kuongoza, unapigiwa makofi na watu usiowajua, na kabla soda haijaisha mkoba unafunguliwa. Ndani mna mikebe ya unga wa kuongeza damu, na wewe kiongozi unatakiwa ukawauzie wenzako. Kwa hiyo Afande alipotualika kwenye mafunzo yake ya Ijumaa kule Al Thumama, mimi nilikaa nikisubiri mkoba. Nilisubiri miaka.

Afande ndilo jina tulilomjua nalo. Alikuwa Mganda, msimamizi wa walinzi wa kampuni moja, na vijana waliokuwa chini yake walimwita hivyo, nasi tukafuata. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi hata siku ambazo hakuwa kazini. Hakukaa hata siku moja akiupa mlango mgongo. Ukimweka kwenye kiti kibaya alikuwa anasimama na kuegemea ukuta mpaka mwenye kiti kizuri aondoke. Alikula haraka, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati, kisha akapeleka sahani mwenyewe kwenye karo, jambo ambalo wanaume wengine pale mkahawani kwetu Muaither walilitazama wakaona aibu au wakajifanya hawajaliona.

Lililonikera zaidi ni lile neno lake, "nimesikia." Ukimwambia, "Afande, chai imekwisha," alikuwa hasemi sawa wala pole. Alisema, "Nimesikia, chai imekwisha." Mara ya kwanza nilidhani ananidhihaki. Mara ya pili nilidhani ana kifaa mfukoni kinachorekodi, na kwamba anarudia maneno yangu ili yaingie vizuri. Usicheke. Mji ule ulikuwa na wambea wa kutosha, na mtu mwenye shati safi namna ile huna budi kumuuliza anamfanyia nani kazi.

Mkahawa wetu ulikuwa na mlango mmoja tu, kati ya kinyozi na duka la matairi. Leseni ilikuwa ya kafili wetu, yaani mdhamini, Mqatari mzee mpole aliyepita mara chache, akanywa chai ya maziwa, akasema khalas, mambo mazuri, akaenda zake. Kazi ilikuwa yetu watatu. Mume wangu, Baba Nekesa, alikaa mbele na wateja na simu. Mama yangu mzazi alikuwa jikoni. Tulimleta kwa viza ya mpishi baada ya wapishi wa kuajiri kutukimbia mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa katikati.

Hapo katikati panahitaji maelezo. Kwetu, Magharibi ya Kenya, mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawali meza moja, na mkwe hamwamrishi mama mkwe hata nyumba ikiungua. Kijijini hilo si tatizo, kila mtu ana boma lake. Sasa wachukue watu hao wawili uwatie kwenye mkahawa mwembamba, mmoja nyuma, mwingine mbele, na biashara moja. Kulikuwa na dirisha la kupitishia sahani kati ya jiko na meza, na kitu cha kwanza tulichofanya Mama alipofika ni kulifunika kwa ubao ili wasije wakatazamana. Feni ya kutoa moshi ilinguruma kutwa. Baba Nekesa akitaka neno lifike jikoni aliniambia mimi, na Mama akitaka kujibu aliniambia mimi. Nilikuwa nazunguka kwa ujia wa pembeni, huku na huku, mpaka ndala zikaisha nyayo.

Na sikuwa nabeba maneno kama yalivyo. Binti gani anayejiheshimu angebeba? Baba Nekesa akisema, "Mwambie Mama hii nyama ni ngumu kama soli," mimi niliingia jikoni nikasema, "Mama, Baba Nekesa anauliza kama meno yako yamepoa." Mama naye akisema, "Mwambie huyo mtu aende akapike mwenyewe," mimi nilitoka nikasema, "Mama anasema atalitazama." Watu wawili wakaishi kwa amani. Hiyo ilikuwa kazi yangu na niliijua.

Kisha tukapata tenda ya chakula cha mchana cha walinzi wa kampuni ile ya Afande, karibu wote Waganda. Tenda hiyo ndiyo iliyoshikilia mlango wazi. Ikienda, mkahawa unafungwa, viza zinaisha, na kila mtu anarudi alikotoka. Na Mama, ambaye tayari alikuwa ameanza kusema kwamba hapendwi pale na kwamba sanduku lake haliko mbali, angekuwa wa kwanza kupanda ndege. Nililala na kuamka na jambo hilo.

Waganda wanataka posho laini, ndivyo wanavyouita ugali, na maharage yenye mchuzi mwingi. Mama yangu anaamini ugali lazima usimame. "Ugali usiosimama ni uji uliokosa adabu," ndivyo alivyotulea. Walinzi wakalalamika. Baba Nekesa akasema, "Mwambie Mama apunguze unga, hawa watu wanataka laini." Mimi nikaingia jikoni nikasema, "Mama, Baba Nekesa anakuonea huruma mikono. Anasema usijichoshe sana kusonga."

Siku iliyofuata Mama alisonga kwa mikono miwili, ameweka sufuria chini na kuibana kwa miguu. Malalamiko yakazidi. Maneno ya mume wangu yakawa makali, mimi nikazidi kuyalainisha, na ugali ukazidi kuwa mgumu.

Ndipo Afande alipoingia kwetu mara ya kwanza, asubuhi, kabla hatujafungua. Alikuwa amebeba mkebe wa chakula wa jana yake. Akaupindua mezani. Ugali ukatoka mzima, na pembe zake zote, ukakaa pale. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, ko, ko.

"Madamu, hii kitu inaitwa nini?"

"Ugali," nikasema.

"Nimesikia, ni ugali. Vijana yangu wanasema ni bloku ya kujenga. Nani anapika?"

"Mama yangu. Yuko jikoni."

"Nani anamwambia vile ya kupika?"

"Mimi."

"Na wewe, nani anakwambia?"

Nikamwonyesha Baba Nekesa kwa kidevu. Afande akamgeukia.

"Bwana, wewe ulisema nini?"

"Laini! Nimesema laini tangu wiki iliyopita, haki ya Mungu. Nimechoka kusema."

"Nimesikia, ulisema laini." Akanirudia mimi. "Na wewe, Madamu, ulipeleka nini?"

"Nilipeleka salamu," nikasema.

Hakucheka. Angecheka ningemsamehe. Alitazama ule ubao uliofunika dirisha, akatazama ujia wa pembeni, akatazama ndala zangu. Kisha akasema kampuni imempa mpaka mwisho wa mwezi kutafuta mkahawa mwingine, ila yeye angependa kwanza tuje Ijumaa kwenye darasa lake la uongozi. Nikasema moyoni, ndivyo mkoba unavyofunguliwa safari hii. Anashika tenda kwa mkono mmoja, anafundisha kwa mwingine.

Darasa lilikuwa sebule ya villa moja iliyogawanywa vyumba vya kupangisha. Alituagiza viatu tuviingize ndani badala ya kuviacha kizingitini, ili mpita njia asihesabu watu. Mtu mwenye jambo la haki anaficha viatu? Nilikaa karibu na mlango na viatu vyangu mapajani. Baba Nekesa alikaa mbele kabisa, amevaa soksi mpya. Mama hakuja, maana mkwe wake angekuwa chumba hicho hicho.

Waliokuwepo walikuwa watu kama sisi. Dada wawili wasusi, fundi cherehani na mkewe, ndugu wawili waliokuwa wanaosha magari. Afande hakutupa karatasi wala cheti. Alituambia kwamba hoteli moja aliyoilinda zamani iliwahi kumtia kwenye kozi ya uongozi pamoja na mameneja, akakaa nyuma kabisa, na kwamba mengi aliyosikia kule yalikuwa ya watu wenye lifti. Yeye alichukua machache yanayoweza kuingia kwenye duka la mlango mmoja. Nilimsikiliza nikitafuta mahali penye ufa.

Alikuwa na misemo yake. "Heshima haijazi sufuria." "Kama kila mtu ni bosi, paka ndiye anakula." Na ule aliourudia mpaka ukatutoka masikioni: "Amri ambayo hairudi, haijafika." Maana yake, ukimpa mtu agizo, akwambie alichosikia kabla hajaondoka, kama walinzi wanavyofanya kwenye redio. Aliwasimamisha wale ndugu wa kuosha magari akamuuliza kila mmoja, "Nani ni mkubwa wa kazi?" Wakajibu pamoja, kila mmoja akimtaja mwenzake. Kumbe walikuwa wanasubiriana. Kila asubuhi mmoja anangoja mwingine aamue, jua linapanda, na magari yanakwenda kwa Wanepali wa mtaa wa pili. Walitazamana mpaka mdogo akaanza kucheka, na nakiri nami nilicheka, kisha nikajizuia.

Wale dada wasusi nao ilidhihirika kwamba hawajawahi kuambiana nani anafungua na nani anafunga. Mkubwa alidhani kufungua ni kazi ya mdogo kwa kuwa ni mdogo. Mdogo alidhani kufungua ni heshima ya mkubwa. Biashara ya ndugu, alisema Afande, inakufa kwa vitu ambavyo kila mtu anadhani mwenzake anajua. Lilikuwa neno la kweli, na mimi huwa naogopa matapeli wanaosema kweli kuliko wale wanaosema uongo.

Kwa sababu mtu huyu hakuwa ananyooka, nakwambia. Alihubiri kwamba kiongozi hafichi kitu, na hakuna aliyejua anakolala. Alihubiri kwamba kiongozi anakula mwisho, na kwetu alikula kwanza. Alisema haamini ndoto wala mikosi, lakini hakumpa mtu mkono kwenye kizingiti. Alikuwa anakuvuta kwanza uingie au utoke. Hakutaka malipo. Tukimpa chakula cha bure alikataa mara moja, mara ya pili akala. Nikajaribu kila dhana. Ni mpelelezi wa kafili. Anataka tenda impate jamaa yake. Anataka mapishi. Halafu nikaona kwamba kila anapokuja, Mama anafunga kitambaa kipya kichwani na sahani ya Afande inatoka na mchuzi wa karanga ambao hatukuuweka kwenye menyu. Mama yangu ni mjane. Nina macho.

"Mama Nekesa, wewe unamshuku hata malaika," mume wangu aliniambia.

"Malaika hawaji na mkebe wa ugali," nikamjibu.

Jumamosi iliyofuata darasa lile la kwanza, Afande alikuja mapema na bisibisi. Bila kuuliza mtu akafungua ule ubao wa dirishani. Nikadhani anataka kuvunja mila yetu pale pale, mbele ya mume wangu, na Mama angefunga sanduku siku hiyo hiyo. Lakini akatoa kitambaa cheusi kizito akakitundika mahali pa ubao, akakinyoosha kila upande. Sauti ingepita. Uso usingepita.

"Mimi ni Mgisu, jirani yenu wa mpakani," akasema. "Kwetu mtu akikutana na mama mkwe kwenye njia, anaingia kwenye migomba mpaka apite. Mimi sivunji hiyo kitu. Lakini sikiliza, Bwana. Kwa redio hatuiti mtu. Tunaita lindo. Geti, hapa Mapokezi. Geti si mtu. Geti haina mkwe."

Feni ilikuwa bado haijawashwa. Akamsimamisha Baba Nekesa mbele ya kile kitambaa, mikono nyuma. Mimi nikasogea kuelekea ujia kama kawaida yangu. Afande akaniambia, "Wewe simama hapo." Ndivyo alivyoniondoa katikati, kwa maneno matatu.

Mume wangu alikohoa. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye ncha ya pua.

"Jikoni, hapa Mbele."

Tulisikia kijiko kikiwekwa chini.

"Jikoni, hapa Mbele. Walinzi wanataka ugali laini. Si leo tu. Kila siku."

Kisha sauti ya Mama, ndogo, ya mtu anayejibu hodi asiyoitegemea.

"Jikoni imesikia. Walinzi wanataka ugali laini, kila siku." Akapumua. "Na Jikoni inakataa."

Nikafungua mdomo. Afande akanyoosha kiganja kunizuia bila hata kunitazama.

"Mbele, uliza sababu," akamnong'oneza mume wangu.

"Jikoni... ni kwa nini?"

"Kwa sababu kila siku Jikoni inaletewa habari kwamba mikono yake imechoka. Kwamba isijichoshe. Jikoni si mtoto, inajua maana yake. Mtu akianza kuhurumiwa mikono, safari yake ya nyumbani imekaribia. Kwa hiyo Jikoni inasonga, ionekane kwamba bado ina nguvu."

Baba Nekesa alishika ukingo wa dirisha. Sijawahi kumwona amekunja uso namna ile, na tumezikiana wazazi.

"Mbele haijawahi kusema hivyo," akasema. "Hata siku moja. Jikoni ikiondoka hakuna Mbele. Tutafunga. Mbele inaomba Jikoni ikae."

Nyuma ya kitambaa Mama alipiga chafya, au alilia, hakuna aliyekwenda kutazama. Baadaye akasema Jikoni imesikia, na kwamba itapika sufuria mbili, moja ya watu na moja ya Waganda, ila ile ya pili isiitwe ugali mbele yake. Wote wawili sasa walikuwa wamejua nani aliyekuwa anaongeza sukari njiani. Baba Nekesa alinigeukia. Mimi nikatazama feni. Sikuona kosa langu siku ile na hata leo silioni. Nilikuwa nawatunza.

Tenda ilibaki. Mwezi ukaisha, kampuni haikutafuta mkahawa mwingine, na baadaye wakatuongezea walinzi wa lindo la pili. Siwezi kusema uongo juu ya hilo. Kila asubuhi kabla ya feni kuwashwa walifanya ile waliyoiita paredi: Mbele inasema wateja wamesema nini, Jikoni inarudisha, Jikoni inasema kilichopungua, Mbele inarudisha. Waligawana mamlaka waziwazi. Kinachoingia kwenye sufuria ni cha Mama, na hata mteja akilia hakibadiliki mpaka Mama akubali. Bei na ahadi kwa wateja ni za Baba Nekesa. Chakula kilichokuwa kinatupwa kikapungua mpaka paka wa kwa kinyozi akahama. Na lile sanduku la Mama, ambalo lilikuwa limesimama mlangoni mwa chumba chake tangu alipofika, siku moja nililikuta chini ya kitanda.

"Na wewe, Madamu," Afande aliniuliza siku hizo, "lindo yako ni gani?"

Nilikuwa nimeishi miaka nikidhani nina kazi mbili, kumbe zilikuwa moja tu, ya kubeba maneno, na Afande ameichukua. Nikachagua ununuzi wa sokoni kwa sababu ulinipa nafasi ya kuwa mbali nao. Nikaja kuwa hodari, nikajua Mhindi gani ana maharage mapya na yupi anachanganya. Lakini nitasema lililokuwa moyoni. Zamani mume wangu na mama yangu wote walinihitaji kwa kila neno. Sasa nilikuwa narudi na magunia nakuta wanaelewana kupitia kitambaa, wakati mwingine hata wanataniana, Mbele na Jikoni, na mimi nasimama pale na risiti mkononi. Nilimchukia Afande kwa hilo, wazi kabisa, na nilimpakulia chakula huku namchukia.

Kulikuwa na jambo jingine alilopenda kulitaja darasani. Alisema ana mashine ya kusaga unga huko kwao Uganda, inayoendeshwa na mke wake na mama mkwe wake, na kwamba kila Ijumaa anafanya nao paredi kwa simu. Yeye anamwambia mke, mke anampelekea mama yake neno kwa neno, mama anajibu neno kwa neno, na mke analirudisha. "Mashine inakwenda yenyewe," alikuwa akisema. "Mimi niko Doha, unga unatoka." Hakuwahi kuonyesha picha ya mashine hiyo. Nikamwambia mume wangu, hakuna mashine. Akasema si lazima kila kitu kiwe na picha. Nikasema mtu mwenye mashine na simu ya kamera ana picha.

Miaka ikaenda. Uwanja mpya wa ndege ukafunguliwa, pango za Al Thumama zikapanda, villa ile ikabomolewa ukuta na kurudishwa nyumba ya watu wakubwa, na darasa likafa. Afande alihamishiwa lindo la Al Sadd. Akapunguza kuja, kisha akaacha. Walinzi wapya walipokuja hawakumjua. Mama alikuwa ameshazoea sufuria zake mbili, na mwaka huo alikuwa Kenya likizo, baada ya kumwachia mpishi msaidizi amri nyingi na kumrudishisha kila moja.

Afande alitokea Ijumaa moja mchana, wateja wa swala wameshaondoka. Nilimtambua kwa urefu tu. Shati lilikuwa na mikunjo. Alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokikuta, na kiti hicho kiliupa mlango mgongo. Nikaacha kufuta meza.

"Baba Nekesa ametoka," nikamwambia. "Amekwenda kwa kafili."

"Nimesikia, ametoka. Mimi nimekuja kwako."

Hapo nikasema, sasa. Baada ya miaka yote hii, mkoba unafunguliwa. Nikakaa mbele yake nikakunja mikono.

Hakuwa na mkoba. Alikuwa na simu tu, ameishika kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Akanieleza. Mashine ipo kweli. Mama mkwe wake amezeeka na anakosea mizani, wateja wanalalamika. Kwenye paredi Afande akasema mama apumzike, mashine ishikwe na kijana wa kuajiriwa. Mke akapeleka neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Mama mkwe akajibu. Mke akarudisha, neno kwa neno. Wiki baada ya wiki maneno yakaenda na kurudi, hakuna hata moja lililopotea njiani.

"Kila kitu ilifika," akasema. "Banange, jamani, kila kitu ilifika."

Sasa yule mama amefunga mashine, ameuondoa mkanda unaoizungusha na kuuficha nyumbani kwake. Mke yuko upande wa mama yake na hapokei simu. Watoto wanalishwa na mashine hiyo. Yeye kumpigia mama mkwe hawezi. Ni mwiko, na hata asingekuwa mwiko, asingepokelewa.

"Ile kitu wewe ulikuwa unafanya," akasema, na alikuwa anaitazama meza. "Hapo katikati. Ulikuwa unafanyaje?"

Mganga hajigangi, najua. Lakini sitaficha, nilifurahi. Nilimwacha akae na swali lake kidogo, nikasikiliza feni. Nilitaka kumwuliza kama na mimi nisimame hapo. Nilitaka kumkumbusha kiganja chake alichokinyoosha asubuhi ile. Nilimwona pia vidole vyake vikipapasa ukingo wa simu, na nikakumbuka kwamba nami nina Nekesa huko nyumbani, anayelishwa na jiko hili la mbali.

"Lete namba," nikasema.

Akatoka mwenyewe mpaka nje ya mlango wa kioo, akasimama kwa matairi, ametupa mgongo, maana si adabu kuisikia hata sauti ya mama mkwe wake. Nikapiga. Kigisu na Kibukusu chetu ni ndugu, tukaelewana mimi na yule mama tangu salamu. Nikajitambulisha kuwa mke wa rafiki wa mkwe wake. Hakuningoja nimalize. Alisema nimwambie huyo mtu wa amri kwamba mkanda hataupata. Kwamba yeye amesaga unga kabla huyo hajazaliwa na haambiwi apumzike na mtu anayelala kwa Waarabu. Kwamba hata yeye akifa, mkwe asikanyage kwenye matanga yake. Alisema mengi. Nilimsikiliza mpaka pumzi ikamwishia, nikamwomba asubiri, nikafunika simu kwa kiganja na kwenda mlangoni.

Afande aligeuka.

"Amesema nini?"

"Anauliza kama unakula vizuri huku."

Alinitazama muda mrefu. Niliyajua macho yale. Ndiyo niliyokuwa nikimtazama nayo mimi tangu siku ya mkebe.

"Amesema hivyo?"

"Amesema hivyo."

"Neno kwa neno, Madamu?"

"Afande, unataka mashine au unataka neno kwa neno?"

Gari lilikuwa linabadilishwa tairi karibu yake, na fundi akamwomba asogee. Akasogea. Akapangusa uso kwa mkono wa shati.

"Mwambie nakula," akasema. "Mwambie niko sawa kabisa."

"Nimesikia," nikasema, "unakula, uko sawa kabisa." Nikarudi ndani, nikaweka simu sikioni, nikamwambia yule mama kwamba mkwe wake amekonda, chakula hakipiti, na anauliza mikono ya mama inaendeleaje. Kule upande wa pili nikasikia yule mama akivuta kiti. Kisha akauliza, amekonda kiasi gani.